Mhakiki si Hakimu: Jonathan Gold na Meza za Wahamiaji wa Los Angeles, 1960–2018

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya Kiswahili, neno uhakiki limezoea kukaa karibu na fasihi. Mwanafunzi alisikiapo neno hilo hufikiria riwaya, tamthilia na ushairi. Hafikirii sahani ya wali wala bakuli la mchuzi. Hata hivyo, neno lenyewe ni pana kuliko mazoea hayo. Hakiki na haki ni maneno yaliyotoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi unaobeba maana ya ukweli na ya stahili. Kuhakiki jambo ni kulithibitisha, yaani kulitazama mpaka ukweli wake ujulikane na kila kilichomo kipewe kinachostahili. Neno hakimu, ingawa kwa sikio la msemaji wa Kiswahili linakaribiana na mhakiki, limetoka katika mzizi mwingine, ule uliotupatia pia hukumu na hekima. Kwa hiyo kazi mbili hizi zisichanganywe. Hakimu hukata shauri, ilhali mhakiki hutafuta uhakika wa jambo.

Mhadhara huu unaitumia tofauti hiyo kuchunguza maisha na kazi ya Jonathan Gold, mwandishi wa Marekani ambaye kwa zaidi ya miaka 30 alihakiki migahawa ya jiji la Los Angeles, na ambaye mwaka 2007 alikuwa mhakiki wa kwanza wa chakula kupewa Tuzo ya Pulitzer. Hoja inayojengwa ni kwamba mchango wake mkubwa haukuwa kusema chakula kipi ni kitamu. Aliibadili kazi ya mhakiki wa migahawa kutoka ile ya hakimu anayegawa nyota hadi ile ya shahidi anayethibitisha kuwapo kwa watu ambao jiji lao lilikuwa halijawatazama. Hata hivyo, swali moja halikwepeki: je, sifa anayoitoa mhakiki humletea mpishi maskini haki, au humletea wateja tu? Sehemu ya mwisho ya mhadhara inalishughulikia swali hilo.

2.0 Uhakiki wa Migahawa Kabla ya Gold

Neno mgahawa, ambalo wengine hulitamka mkahawa, lina kahawa ndani yake. Hapo awali lilitaja mahali pa kunywea kahawa na kuzungumza. Katika nchi za Magharibi, uandishi wa kuwaongoza watu mahali pa kula ulianzia kwingine. Nchini Ufaransa, kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu chake cha kwanza cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900, na mwaka 1926 ikaanza kuitunuku migahawa nyota. Nchini Marekani, uhakiki wa magazetini ulipata sura yake ya kisasa kwa Craig Claiborne, aliyekuwa mhariri wa chakula wa gazeti la The New York Times kuanzia mwaka 1957. Claiborne ndiye aliyeimarisha taratibu ambazo wengi walizifuata baadaye: mhakiki hula mara kadhaa kabla ya kuandika, gazeti hulipa gharama, na mwenye mgahawa hajulishwi kwamba mhakiki amefika.

Taratibu hizo zilikuwa za uadilifu, na zilimlinda msomaji dhidi ya sifa za kununuliwa. Lakini kipimo chenyewe hakikuwa huru. Kwa muda mrefu upishi wa Kifaransa ndio uliokuwa kilele, na vyakula vingine vilipimwa kwa kadiri vilivyoukaribia au kuukosa. Vitambaa vyeupe vya mezani, orodha ya mvinyo na adabu za wahudumu vilihesabiwa pamoja na ladha. Mgahawa wenye meza 6 za plastiki, unaoendeshwa na mama na wanawe katika jengo la maduka kando ya barabara, haukuwa na mahali katika mizani hiyo. Ulipotajwa, aghalabu uliwekwa katika kundi la vyakula vya bei nafuu au vya kigeni.

3.0 Malezi na Barabara ya Pico

Jonathan Gold alizaliwa Los Angeles tarehe 28 Julai 1960, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa ofisa aliyewasimamia watu waliohukumiwa na mahakama kutumikia adhabu zao nje ya gereza. Mama yake alikuwa mkutubi wa shule. Nyumba yao ilikuwa na vitabu na muziki. Kijana Gold alijifunza kupiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mpigaji akiwa ameketi, na muziki na sanaa ndivyo alivyosoma katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, hadi alipohitimu mwaka 1982. Katika miaka hiyohiyo alipiga selo katika bendi za muziki wa panki. Kabla ya kujulikana kwa chakula, aliandika sana kuhusu muziki, na mwaka 1989 makala yake marefu kuhusu kundi la N.W.A. yalichapishwa katika jarida la LA Weekly. Vijana wa kundi hilo walitoka Compton, na muziki wao wa kufokafoka ulilaumiwa na wengi waliokuwa hawajapata kuusikiliza. Tabia ya kwenda kusikiliza kabla ya kulaumu alikuwa nayo tangu mapema.

Kazi yake ya kwanza katika LA Weekly ilikuwa ya kusoma prufu. Alipata pia kusoma prufu katika gazeti la habari za sheria katikati ya jiji, akiishi katika nyumba ya kupanga kwenye Barabara ya Pico, na ndipo lilipozaliwa azimio lililomfanya kuwa mhakiki. Barabara hiyo huanzia karibu na katikati ya jiji na kwenda magharibi zaidi ya kilomita 20 hadi Bahari ya Pasifiki. Gold aliazimia kula, angalau mara moja, katika kila mgahawa uliokuwapo kando yake. Alianzia upande wa mashariki, penye wapishi wa El Salvador wanaouza muhogo wa kukaanga na pupusa, yaani mikate minene ya unga wa mahindi iliyojazwa maharage, nyama au jibini. Kutoka hapo akaelekea ufukweni, mlango kwa mlango. Migahawa mingine ilifungwa kabla hajaifikia na mingine ilifunguliwa nyuma yake, hivyo shabaha haikufikiwa kikamilifu. Mwaka 1998 aliandika makala kuhusu mwaka huo wa Pico, na hadi leo ni miongoni mwa maandishi yake yanayosomwa zaidi.

Umuhimu wa safari hiyo kihistoria ni kwamba barabara moja ilimfundisha historia ya dunia. Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilikuwa imeufuta utaratibu wa zamani uliowapendelea wahamiaji kutoka Ulaya ya kaskazini na magharibi. Kuanzia hapo Los Angeles ilipokea watu kutoka Korea, Ufilipino, Uchina, Thailand na kwingineko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador, vilivyodumu kuanzia mwaka 1980 hadi 1992, viliwakimbiza maelfu kwa maelfu. Mapinduzi ya Iran ya mwaka 1979 yaliwaleta wengine. Watu hao wote walikuwa na majirani kando ya Pico, na wengi wao hawakuwa na mtaji mwingine ila ujuzi wa jikoni. Aliyeijua historia hiyo angeweza kuusoma mgahawa kama hati: mwaka uliofunguliwa, lugha ya bango lake, jimbo lililotoa pilipili zake. Gold alijifunza kuusoma hivyo.

4.0 Safu, Jiji na Sheria, 1986–1996

Mwaka 1986 Gold alianza safu yake katika LA Weekly, iliyoitwa Counter Intelligence. Mwaka huo una maana nyingine kwa wanafunzi wa lugha. Mwezi Novemba 1986 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 63, lililokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya jimbo. Mashariki ya Los Angeles, katika mji wa Monterey Park ambako Wachina wengi walikuwa wamehamia, baraza la mji lilikuwa likivutana kuhusu mabango ya maduka yaliyoandikwa kwa Kichina. Basi wakati ambapo wapiga kura walikuwa wakiyajibu mabango ya kigeni kwa sheria, mhakiki mmoja aliyajibu kwa kuingia ndani na kuagiza chakula. Hakuandika hotuba dhidi ya Pendekezo la 63. Aliandika kwamba ndani ya duka lile lenye bango lisilosomeka kuna tambi zinazovutwa kwa mkono, na akaeleza zinavyovutwa.

Mwaka 1990 alihamia gazeti kubwa la jiji, Los Angeles Times. Miaka miwili baadaye jiji liliwaka moto. Mwezi Machi 1991 polisi walikuwa wamepigwa picha ya video wakimpiga Rodney King. Mwezi huohuo msichana Mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, aliuawa kwa risasi katika duka la Wakorea, na mwenye duka alitiwa hatiani lakini hakufungwa gerezani. Tarehe 29 Aprili 1992, polisi wanne walipoachiwa katika kesi ya King, machafuko yalizuka. Watu zaidi ya 60 walikufa, na biashara zaidi ya 2,000 za Wakorea ziliharibiwa au kuteketezwa. Makundi ambayo yalikuwa yameishi bega kwa bega bila kujuana yalitazamana kwa hofu na silaha.

Uandishi wa chakula haungeweza kuzuia lolote kati ya hayo, na ingekuwa dhihaka kudai hivyo. Lakini ni katika mazingira hayo ndipo dhamira ya Gold inapoeleweka. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye alirudia kueleza kwamba alitaka watu wa Los Angeles waishi katika jiji lao lote, wala si katika kipande chake kimoja, na kwamba alitaka wawaogope majirani zao kidogo zaidi kuliko zamani. Wilaya ya Los Angeles ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 10,000, watu wapatao milioni 10 na miji 88 inayojitegemea. Mtu anaweza kuzaliwa na kufa humo bila kukanyaga nusu yake, akipita juu ya mitaa ya wenzake kwa barabara kuu. Safu ya Gold ilimtaka msomaji ateremke.

Mwaka 1994 unatoa mfano mwingine. Mwaka huo wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 187, lililokusudia kuwanyima wahamiaji wasio na hati huduma za umma, zikiwamo elimu na matibabu yasiyo ya dharura. Mahakama ya shirikisho baadaye iliizuia sehemu kubwa ya sheria hiyo. Mwaka huohuo Fernando Lopez, mhamiaji kutoka jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, alifungua mgahawa wa Guelaguetza katika eneo la Wakorea. Chakula chake kikuu kilikuwa mole, mchuzi mzito wa pilipili kavu, mbegu, viungo na wakati mwingine kakao, ambao huchukua kazi ya siku nzima. Gold aliusifu mgahawa huo, akionyesha kwamba upishi wa Meksiko si mmoja bali ni mingi, na kwamba Oaxaca ina urithi wake wenyewe. Mwaka 2015 Wakfu wa James Beard uliutunuku mgahawa huo miongoni mwa migahawa ya asili inayoheshimika ya Marekani. Kati ya sheria iliyowaona watu wa Meksiko kama umati mmoja wa wavunja sheria na makala yaliyowatofautisha kwa majimbo na michuzi yao, kuna umbali mkubwa wa kimaadili.

5.0 Lugha ya Gold

Mtindo wa Gold unastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu, kwani sehemu ya maadili yake imo katika sarufi. Waandishi wengi wa chakula huandika kwa nafsi ya kwanza: niliingia, nikaonja, nikafurahi. Gold alipendelea nafsi ya pili. Katika makala yake ni msomaji anayeingia, anayeketi, anayeshangazwa na bakuli lililoletwa, hata kama msomaji huyo hajawahi kufika mtaa ule.

Kiingereza hakitofautishi wewe na ninyi. Neno moja hutumika kwa wote wawili. Mtafsiri wa Gold kwa Kiswahili angelazimika kuamua katika kila kitenzi. Akiandika mtaingia na mtaketi, angepata sauti ya kiongozi wa watalii anayewahutubia wageni walio ndani ya basi. Akiandika utaingia na utaketi, angepata sauti ya rafiki anayezungumza na mtu mmoja. Ni hii ya pili inayolingana na makala yake. Zaidi ya hayo, nafsi hiyo ya umoja inamchukulia msomaji kama mtu ambaye tayari ni mwenyeji wa mahali pale. Haimwambii aende akawaangalie watu wa ajabu. Inamkumbusha kile anachokijua, au alichopaswa kukijua, kuhusu mji wake mwenyewe.

Aidha, Gold hakupenda kutafsiri chakula cha watu kwa kukifananisha na kile ambacho Mmarekani wa kawaida hukijua. Aliliita kila pishi kwa jina lake, kisha akalieleza kwa vitu vya ndani yake: aina ya nyama, muda wa kupika, jimbo lilikotoka, na jinsi linavyotofautiana na lile la mgahawa wa jirani. Alifananisha kwa ukarimu, lakini mifano yake ilitoka kila upande: chakula cha mtaani kililinganishwa na muziki wa opera, na mpishi wa gari la chakula akapewa uzito uleule anaopewa mwanamuziki mahiri. Msomaji wa fasihi ataitambua mbinu hiyo. Heshima haikutangazwa, ilijengwa kwa kiwango cha umakini kilichotumika.

6.0 Mgeni na Mwenyeji

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo hudhani kwamba inajulikana nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Katika Los Angeles ya Gold jambo hilo lilipinduka. Kwa mujibu wa sheria na siasa, mpishi ndiye aliyekuwa mgeni na msomaji wa gazeti ndiye mwenyeji. Kwa mujibu wa meza, mpishi alikuwa mwenyeji katika nyumba yake, na msomaji alikuwa mgeni asiyejua hata namna ya kuagiza. Makala ya Gold yalimfundisha msomaji adabu ya kuwa mgeni katika mji aliodhani ni wake.

Mgahawa wa Jitlada, ulioko eneo la Hollywood ambako sehemu yake ilitambuliwa na jiji mwaka 1999 kuwa mtaa wa Wathai, ni kielelezo kizuri. Baada ya kuchukuliwa na familia kutoka kusini mwa Thailand, mgahawa huo ulikuwa na orodha mbili za vyakula. Ya mbele ilikuwa kwa Kiingereza, yenye vyakula ambavyo Wamarekani walivizoea. Nyuma yake palikuwa na vyakula vya kusini, vikali kwa pilipili na manjano, vilivyoandikwa kwa Kithai peke yake. Orodha hiyo ya pili ilipotafsiriwa, Gold aliiandikia mwaka 2007, na watu wakaanza kumiminika kutafuta vyakula ambavyo wenye mgahawa walidhani hakuna mgeni angevitaka. Kisa hiki kinaonyesha kwamba ukimya wa chakula cha wahamiaji haukutokana na kukosa ubora. Ulitokana na lugha, na na dhana ya wapishi wenyewe, iliyojengwa na uzoefu, kwamba wenye nchi hawataki kuujua upishi wao ulivyo hasa.

Kielelezo cha pili kinatoka karibu zaidi na Afrika Mashariki. Genet Agonafer, mhamiaji kutoka Ethiopia, alifungua mgahawa wake, Meals by Genet, mwaka 2000 katika mtaa wa Fairfax. Mwaka 2002 jiji lilitambua rasmi sehemu ya mtaa huo kwa jina la Little Ethiopia. Gold aliusifu mno mchuzi wake wa kuku, doro wat, ambao msingi wake ni vitunguu vingi vinavyokaangwa polepole kwa muda mrefu hadi viive na kuyeyuka, kisha huliwa kwa injera. Katika filamu ya matukio halisi kuhusu maisha ya Gold, City of Gold, iliyoongozwa na Laura Gabbert na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, Agonafer ni miongoni mwa wapishi wanaoeleza maana ya makala hayo katika maisha yao. Kwa wapishi wa namna hiyo, ukurasa mmoja wa gazeti ulikuwa tofauti kati ya kulipa kodi ya pango na kufunga mlango.

Katika kipindi hicho Gold alikuwa amekwisha kuzunguka. Aliondoka Los Angeles Times mwaka 1996. Mwaka 1999 alikwenda New York kuwa mhakiki wa migahawa wa jarida la Gourmet, chini ya mhariri Ruth Reichl. Mwaka 2001 alirudi Los Angeles pamoja na mkewe, Laurie Ochoa, ambaye alikuwa mhariri mkuu wa LA Weekly hadi mwaka 2009 na ambaye mkono wake katika maandishi ya mumewe haupaswi kusahauliwa. Ni kwa makala ya LA Weekly ndipo alipopata Tuzo ya Pulitzer ya Uhakiki mwaka 2007. Tuzo hiyo ya uhakiki, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilikuwa imezoea kwenda kwa wahakiki wa muziki, vitabu, filamu, majengo na sanaa nyingine. Kuitoa kwa mwandishi wa taco na tambi, tena wa jarida la wiki linalogawiwa bure, kulikuwa ni kukiri kwamba jiko la mhamiaji ni sehemu ya utamaduni unaostahili uhakiki. Aliporudi Los Angeles Times mwaka 2012, gazeti hilo liliacha utaratibu wa kuigawia migahawa nyota. Hakimu alikuwa ameondoka katika ukurasa ule.

7.0 Mipaka ya Sifa

Hata hivyo, haifai kuyaandika maisha haya kama utenzi wa sifa tupu. Hoja tatu dhidi ya Gold zinastahili kupimwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba Gold alisifu mno na kukosoa kidogo. Kuhusu migahawa midogo hili ni kweli, na alilifanya kwa makusudi. Mwandishi wa gazeti kubwa akiuponda mgahawa wa familia usiojulikana, hamwonyi yeyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akienda. Humvunja tu mnyonge. Afadhali kunyamaza na kutumia nafasi hiyo kwa mwingine anayestahili. Msimamo huu una mantiki, lakini una gharama pia. Msomaji anayekutana na sifa pekee hawezi kujua ni wangapi walionyamaziwa, wala kwa nini.

Hoja ya pili inahusu bei. Mwanazuoni Krishnendu Ray, katika kitabu chake cha mwaka 2016 kuhusu wamiliki wa migahawa ya wahamiaji nchini Marekani, ameonyesha kwamba bei ambayo jamii iko tayari kulipia chakula cha taifa fulani hufuata hadhi ya watu wa taifa hilo. Chakula cha Kifaransa au cha Kijapani huruhusiwa kuwa ghali. Cha Meksiko au cha Kichina hutarajiwa kuwa rahisi, hata kama kazi ya mikono iliyomo ni kubwa zaidi. Mhakiki anayewaelekeza wasomaji wenye uwezo kwenye meza za maskini anaweza kuuvunja ubaguzi wa kutazama bila kuuvunja ubaguzi wa kulipa. Tena sifa huleta msongamano, na msongamano unaweza kuipandisha kodi ya pango. Anayeosha vyombo nyuma ya jiko, ambaye mara nyingi hana hati wala bima, hatajwi katika makala, na mshahara wake haupandi kwa sababu mchuzi umesifiwa. Juu ya hoja hii Gold hakuwa na jibu kamili. Kalamu yake ilimfikia mwenye mgahawa kwa urahisi kuliko ilivyomfikia mfanyakazi wake.

Hoja ya tatu ilijitokeza waziwazi mwaka 2017. Mwezi Januari 2016 wapishi wawili maarufu, Roy Choi na Daniel Patterson, walikuwa wamefungua mgahawa wa chakula cha haraka uitwao Locol huko Watts, mtaa ambao machafuko ya mwaka 1965 yaliua watu 34. Choi, aliyezaliwa Seoul, alikuwa amepata umaarufu tangu mwaka 2008 kwa magari yake ya Kogi, yanayouza taco zenye nyama iliyopikwa Kikorea. Nia ya Locol ilikuwa kuuza chakula chenye afya kwa bei ya chini na kuwaajiri watu wa mtaa huo. Mwezi Januari 2017 mhakiki wa The New York Times, Pete Wells, alilihakiki tawi la Locol la Oakland na kulipa nyota sifuri, kwa maelezo kwamba nia njema haikukifanya chakula kuwa kizuri. Mwaka huohuo Gold aliutangaza Locol kuwa mgahawa wa mwaka wa Los Angeles Times, wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Mgongano huu una mafunzo kuliko tuzo zote. Wells alilinda kanuni yenye thamani: mlaji maskini naye ana haki ya chakula kitamu, na kumsifia kibaya kwa kuwa kimetolewa kwa nia njema ni kumdharau. Gold alilinda kanuni nyingine: mgahawa ni taasisi ya jamii, na thamani yake haiishii ulimini. Historia haikumpa ushindi yeyote. Mwaka 2018 Locol ya Watts iliacha kuwahudumia wateja wa kawaida. Sifa ya mhakiki mashuhuri kuliko wote katika jiji haikutosha kuuokoa mradi huo uliojengwa kwa ajili ya haki. Ni dhahiri basi kwamba uhakiki unaweza kufungua mlango, lakini kuuweka mlango wazi kunahitaji mtaji, sera za nyumba, usafiri na mishahara, mambo ambayo hayamo katika uwezo wa kalamu.

8.0 Hitimisho

Jonathan Gold alifariki dunia tarehe 21 Julai 2018 akiwa na umri wa miaka 57, wiki chache tu baada ya kugunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Tarehe 28 Julai, siku ambayo angetimiza miaka 58, majengo mashuhuri ya Los Angeles, likiwamo jumba la halmashauri ya jiji, yaliwashwa taa za rangi ya dhahabu, kufuatana na maana ya jina lake kwa Kiingereza. Si kawaida mji kumlilia mhakiki. Wahakiki wengi huogopwa, baadhi huheshimiwa, wachache hupendwa. Aliyelengwa na heshima ile alikuwa mtu aliyewaonyesha wakazi kwamba wanaishi pamoja.

Mafunzo kwa taaluma ya Kiswahili ni mawili. La kwanza ni la istilahi. Kiswahili hakina haja ya kukopa neno ili kuieleza kazi ya namna hii. Neno uhakiki, likirudishwa kwenye maana yake ya asili ya kuthibitisha ukweli na stahili, linaitosha. Wataalamu waliolifunga ndani ya fasihi walilifaa kwa namna moja na kulipunguza kwa namna nyingine. Upishi wa mama lishe wa Dar es Salaam na wa vibanda vya Nairobi una historia ya uhamiaji, ya kazi na ya lugha kama ule wa Barabara ya Pico, na unangoja kusomwa kwa uzito huohuo.

Funzo la pili ni la kimaadili. Maisha ya Gold yanathibitisha kwamba kuna haki inayotangulia zile za kisheria na za kiuchumi, nayo ni haki ya kutazamwa vizuri: mtu kuitwa kwa jina lake, kazi yake kuelezwa jinsi ilivyo, na juhudi yake kutochanganywa na ya mwingine kwa uvivu wa mtazamaji. Haki hiyo haimlipii mpishi kodi, na haimpatii mwosha vyombo hati za ukaazi. Anayedai kwamba inatosha anajidanganya. Lakini jamii ambayo haijajifunza kuwatazama majirani zake haitajua inawadai nini wala inawiwa nini nao. Kuthibitisha kwamba watu hao wapo, na kwamba wanachokifanya ni kazi, ni hatua ya mwanzo, na ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa mhakiki.